Kiatu cha Kushoto cha Bwana Alhamisi

Alhamisi ile Kisigino alibadilisha kitambaa cha kichwa mara mbili kabla ya kutoka nyumbani, na mara zote mbili mama yake alimwona.

"Cha bluu kimekukosea nini?" mama aliuliza. Alikuwa ameketi kizingitini akichambua mboga, miguu ameinyoosha kwenye jua la asubuhi.

"Kimechakaa, Mama."

"Kimechakaa tangu jana? Maana jana ulienda nacho sokoni na hakikuwa na neno."

Kisigino alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali. Jina hilo la Kisigino alipewa na marehemu baba yake, fundi viatu, kwa sababu utotoni hakukaa popote ila chini ya meza ya kazi, amekumbatia visigino vya viatu vya watu kama wenzake wanavyokumbatia wanasesere. Baba alipofariki alimwachia karakana ndogo, cherehani iliyokuwa ikikohoa kuliko kushona, na mzee wa kupaka gundi ambaye kila mtu alimwita Babu Gundi. Kazi yao haikuwa viatu vya kila mtu. Waliwashonea wale ambao miguu yao haikulingana: aliyekatwa vidole, mwenye kisigino kisichogusa chini, mwenye mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake.

"Leo ndiyo anaondoka?" mama aliuliza tena, bila kuinua uso.

"Leo kikundi chao cha kuwekeza kinatuuzia hisa zao. Karakana inarudi kuwa yetu yote, Mama, kama enzi za Baba."

"Mimi sikuuliza habari za hisa."

Kisigino alifunga fundo la kitambaa, akalifungua, akalifunga tena. "Ndiyo, anaondoka."

"Afadhali." Mama alitupa jani bovu pembeni. Kisha sauti yake ikalainika, kama inavyolainika sauti ya mzazi anayejua kwamba anaumiza. "Mwanangu, mimi macho ninayo. Lakini mwanaume aliyekupa mtaji hawezi kuja kukuposa. Watu watasema amekuja kuchukua faida yake. Halafu ana kiburi yule. Nilipougua alikuja hapa na mfuko wa machungwa, mtoto wa watu, nikafurahi, nikamwambia karibu ndani. Akasema, hapa mlangoni panatosha. Panatosha! Kisa? Hataki kuvua viatu. Kwani sakafu yangu ina miiba?"

Kisigino aliuma ulimi. Sababu aliijua, na neno moja tu lingetosha kumtoa yule mtu hatiani. Lakini katika karakana ya baba yake kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: mguu wa mteja haukusemwa nje. Aliyekuja kupimwa alipimwa nyuma ya pazia, na kilichoonekana nyuma ya pazia kilibaki hukohuko. Hata mke wa fundi hakuambiwa.

"Nachelewa, Mama," alisema, akainama kumbusu shavuni.

"Cha kijani kimekupendeza zaidi," mama alimwambia alipokuwa ameshafika njiani. "Hata kama hastahili."

*

Njia nzima Kisigino aliikumbuka siku ile ya kwanza. Yule bwana aliingia karakana ikiwa imebakiza kidogo tu kufungwa moja kwa moja. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na alisema amesikia kazi yao ikisifiwa na angependa kuwekeza.

"Lakini siwezi kuweka pesa mahali ambapo sijawahi kuwa mteja," alisema. Halafu akatazama chini. "Naomba kwanza ufunge mlango."

Nyuma ya pazia alivua kiatu cha kushoto, na ndani yake kulikuwa na magazeti yaliyokunjwa yakapachikwa vizuri, tabaka juu ya tabaka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu ugonjwa wa utotoni, na maisha yake yote alikuwa akitembea juu ya habari za juzi. Kisigino aliyatoa yale magazeti taratibu, akayaweka juu ya stuli, akayanyoosha kingo, kama mtu anavyoweka kofia ya mgeni. Alipoinua macho alikuta yule bwana anamtazama mikono, na mtazamo ule haukuwa wa mtu anayehesabu faida.

Alimshonea jozi nyeusi, kiatu cha kushoto kikiwa kimeinuliwa kwa mpira mgumu uliofichwa ndani kiasi kwamba hakuna ambaye angejua. Yule bwana alivaa, akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akasimama. Akageukia ukuta, akabaki hivyo. Babu Gundi, Mungu ambariki, alianza kukohoa kikohozi kirefu cha uongo ili mgeni apate nafasi ya kufuta macho.

Baada ya hapo ndipo alipolipeleka jambo kwenye kikundi chao. Walikuwa watu wachache wenye akiba zao: dada yake mkubwa aliyeshika hazina, nesi mmoja mstaafu, na mwenye malori. Badala ya kuacha pesa zilale benki, walinunua sehemu ya biashara ndogo waliyoiamini, wakaishika mkono mpaka ikasimama.

"Huu si mkopo," alimweleza Kisigino. "Tunanunua sehemu ya karakana. Ukipata tunapata, ukianguka tunaanguka wote. Na siku utakapokuwa na nguvu, utatununua sisi, nami nitaondoka. Kazi yangu ni kuondoka, Fundi. Ukiona bado nipo, ujue kuna kitu hakijasimama."

Siku hiyo Kisigino alicheka. Aliona ni maneno matamu kwelikweli. Hakujua kwamba yatakuja kumkaa kooni.

Kila Alhamisi alikuja, ndiyo maana Babu Gundi akambandika jina la Bwana Alhamisi. Alileta cherehani mpya. Alimtafutia muuza ngozi asiyechanganya nzuri na mbovu. Siku moja alikaa naye wakapiga mahesabu ya kila jozi, akauliza, "Na mshahara wa fundi uko wapi hapa?"

"Fundi si ndiye mimi?"

"Ndiyo. Wako uko wapi?"

Kisigino hakuwa amewahi kujilipa hata mara moja. Tangu siku hiyo akaanza kujilipa.

Lakini si hayo yaliyomwangusha. Kilichomwangusha ni mambo madogo. Bwana Alhamisi akifika mapema na kumkuta na mteja nyuma ya pazia, alichukua ufagio, akafagia vipande vya ngozi bila kuombwa. Alimwona akikunja uso kwenye kushona, na wiki iliyofuata akaja na taa ya mezani, akaiwasha, akaendelea na habari nyingine kana kwamba taa ile ilijileta. Hakumshika mkono hata siku moja. Hakumwambia neno ambalo asingeweza kulisema mbele ya Babu Gundi. Alimwita Fundi, basi, lakini alilitamka neno lile kama vile mtu anavyoweka kikombe cha chai ya moto mbele ya mwenzake.

Karakana ikaanza kusimama. Na kadiri ilivyosimama, ndivyo Kisigino alivyozidi kukosa usingizi.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo angemfukuza kazi yeyote mwingine kwa kulifanya. Alipomshonea jozi ya pili, ya kahawia, kiatu cha kushoto hakukitia mpira mgumu. Alikitia sponji, sponji laini kama ya mto wa kulalia. Ilikuwa inapendeza siku za mwanzo, halafu ikalala, mguu ukashuka, na mwenye kiatu akalazimika kurudi kurekebishiwa. Alimwekea nyingine. Ikalala. Akamwekea nyingine. Bwana Alhamisi hakulalamika kamwe. Alikuja, akaketi nyuma ya pazia, akavua kiatu, na kwa muda ule mguu wake ulikuwa mapajani mwa Kisigino, mzito, wa joto.

Alijua ni dhambi. Kila mara alijiambia, hii ndiyo ya mwisho.

*

Akiwa karakana, alizisikia hatua za Bwana Alhamisi kabla hajafika mlangoni. Moja nzito, moja nyepesi, nzito, nyepesi. Sponji ilikuwa imelala.

"Hodi hapa," alisema dada yake Bwana Alhamisi, akaingia kabla hajajibiwa. Alikuwa mama wa heshima, mpana, miwani imening'inia kifuani kwa mkufu, na watu wote walimwita Dada Mkubwa, hata waliomzidi umri. Mkononi alikuwa na bahasha ya karatasi za kutia saini. Babu Gundi alimfutia kiti mara mbili.

"Karibu, Dada Mkubwa. Kiti hiki hakina gundi, nimehakikisha."

"Mara ya mwisho ulisema hivyohivyo, nikaondoka nacho."

Walicheka wote, isipokuwa Bwana Alhamisi, aliyekuwa amesimama karibu na rafu ya kalibu, zile sura za miguu za mbao ambazo kila moja ilikuwa ya mteja wake. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kitambaa cha kijani, yakashuka haraka.

"Hujambo, Fundi?"

"Sijambo. Shikamoo, Dada Mkubwa."

"Marahaba." Dada Mkubwa aliivaa miwani yake. "Sasa kabla hatujatia saini, nina neno. Kuna hospitali inataka kuwaagizia viatu wagonjwa wake wote wa miguu hapa kwenu. Nesi wetu ndiye aliyewapigia debe. Ni kazi kubwa, ya kuajiri watu. Wameniuliza swali moja tu: viatu hivi vinadumu? Nikawaambia, mdogo wangu anavivaa, nitamtazama niwajibu." Aligeuka. "Nimekutazama. Umetoka kwenye gari unachechemea kama zile siku za magazeti."

Bwana Alhamisi aliurudisha nyuma mguu wa kushoto.

"Nimejikwaa, Dada," alisema Bwana Alhamisi. "Kwenye mfereji."

"Mfereji upi? Tumeegesha mlangoni."

"Basi ni mimi ninayetembea vibaya. Nina uzito wa upande mmoja."

"Tangu lini mtu akawa na uzito wa upande mmoja? Vua hicho kiatu."

"Dada."

"Nimekulea mimi. Mguu huo nimeukanda kwa mikono hii. Vua."

Hakuvua. Lakini Dada Mkubwa hakuhitaji kuona zaidi. Alikunja zile karatasi zake. "Mimi nakupenda, Fundi, ujue hivyo. Umefanya kazi. Lakini siwezi kuipeleka hospitali kwenye viatu vinavyolala. Jina la kikundi ndilo mtaji wetu. Wala siwezi kukuuzia hisa hizi leo halafu kesho uanguke. Kuna mwenye kiwanda cha viatu aliyewahi kuziulizia, na bado anazitaka. Ana wasimamizi wake, ataweka watu wake."

Kisigino aliona meza ya baba yake ikizunguka. Mwenye kiwanda! Yeye angeng'oa lile pazia siku ya kwanza.

Ndipo Babu Gundi alipovua kofia yake. Alisimama taratibu, akaishika kofia kwa mikono miwili, mikono ile yenye gundi kavu kwenye kucha.

"Kosa ni langu, mama," alisema. "Mimi ndiye ninayejaza soli. Macho yamechoka haya. Nilichanganya, nikaweka sponji mahali pa mpira. Binti hana habari."

"Babu," Kisigino alisema.

"Nyamaza, mwanangu, wakubwa wanaongea."

Dada Mkubwa alimtazama mzee kwa huruma. "Kama ni hivyo, mzee wangu, itabidi upumzike. Pole sana."

"Nimeshapoa," Babu Gundi alijibu, lakini alikuwa anaizungusha kofia mikononi.

Kisigino aliitazama kofia ile. Mzee huyu alimfundisha kushika nyundo. Mzee huyu hakuwa na pa kwenda asubuhi isipokuwa hapa. Na sasa alikuwa anatoa kila kitu alichokuwa nacho, kimyakimya, kama mtu anayempisha mwingine kwenye kiti, ili yeye asiaibike.

"Si yeye," Kisigino alisema. "Ni mimi."

Akaenda rafuni, akachukua kiatu cha mteja kilichorudishwa kubadilishwa kamba baada ya kuvaliwa misimu na misimu. Akachukua kisu, akapasua soli ya ndani, akamwekea Dada Mkubwa mapajani. "Tafadhali bonyeza."

Dada Mkubwa alibonyeza kwa kidole gumba, kisha kwa nguvu. Ule mpira haukuingia hata chembe.

"Viatu vyote vilivyotoka mlango huu viko hivyo. Nenda kwa yeyote, popote, mpasulie. Kimoja tu ndicho kina sponji." Alikirudisha kisu mezani. "Niliiweka mwenyewe, nikijua."

"Kwa nini, jamani?"

Kisigino alitazama sakafu. Ilikuwa imefagiwa vizuri.

"Ili kirudi."

"Kiatu?"

"Kiatu," alisema. "Na mwenyewe."

Hakuna aliyekohoa safari hii. Babu Gundi aliivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Na Kisigino alisimama pale akiona uso wake unawaka moto, akingoja tu yule mtu wa upole aseme asante, Fundi, kisha atoke na asirudi tena.

"Nilijua," alisema Bwana Alhamisi.

Kisigino aliinua macho.

"Tangu kilipolala mara ya kwanza. Vile vyeusi ulivyonishonea mwanzo havijalala hata leo. Viko nyumbani chini ya kitanda, vizima. Ningeweza kuvivaa siku yoyote."

"Na hukuvivaa?"

"Nilivivaa siku nyingine zote," alisema kwa aibu. "Hivi vya kahawia nilivivaa nyumbani usiku, ili vilale upesi."

Dada Mkubwa alivua miwani, akaiacha ianguke kifuani. "Ee Mola wangu. Mmoja anaharibu kiatu kwa makusudi, mwingine anakimalizia. Nyie ni wagonjwa. Mzee, na wewe ulijua?"

"Mimi napaka gundi tu, mama," alisema Babu Gundi. "Lakini hata kalibu zilijua."

*

Zile karatasi zilitiwa saini. Dada Mkubwa alikuwa mtu wa haki, na mpira alikuwa ameubonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Lakini alipomaliza kufunga kalamu alisema kwa sauti ambayo haikuwa na mzaha.

"Sasa mnisikilize. Nitaiambia hospitali ndiyo. Ila wewe, mdogo wangu, hutakanyaga hapa mpaka jozi yao ya mwisho itoke mlango huo. Nikisikia mtu mmoja anasema huyu binti amepata kazi kwa sababu ya wewe, nitaumia mimi, ataumia yeye, na wale wafanyabiashara wengine wadogo tunaowashika mkono hawatatuamini tena. Hasa wanawake. Watadhani mkono wetu unataka kitu."

Bwana Alhamisi aliinamisha kichwa. "Ni kweli, Dada."

"Na baada ya hapo sijui. Sijasema nimekubali. Nimesema sijui."

Mlangoni Bwana Alhamisi alibaki nyuma kidogo, na Kisigino akamsindikiza mpaka kwenye kizingiti, si zaidi.

"Fundi, nilishindwa kusema lolote pesa zetu zikiwa humu ndani," alisema polepole. "Ungenikubali, nisingejua umenikubali mimi au umeogopa. Na kama ungetaka kunikataa, ungeanza kwanza kuwaza cherehani. Nikaona ninyamaze."

"Na sasa?"

"Sasa dada yangu yuko garini hapo nyuma yangu, anasikiliza hata ninavyopumua."

"Nasikia, ndiyo," alisema Dada Mkubwa kutoka kwenye gari.

Kisigino alicheka, na machozi yakatumia nafasi hiyohiyo kutoka.

"Mama hajambo?" aliuliza Bwana Alhamisi.

"Hajambo. Anasema sakafu yake haina miiba."

Kisigino alimwona akiyameza maneno yale, akajua yamemfika. Halafu Bwana Alhamisi akavua kiatu kile cha kahawia palepale nje, kwenye jua, akimshika begani Babu Gundi aliyekuwa amewafuata, asianguke, akampa Kisigino. "Kitie mpira. Mgumu kabisa. Kisirudi tena."

"Kisirudi tena," Kisigino alirudia, na neno lile lilimchoma.

"Ndiyo. Siku nikirudi, nataka kila mtu ajue kwamba sikurudishwa na kiatu."

Kisigino alikishona mchana uleule, wao wakingoja garini. Hakuwahi kushona kitu kwa uangalifu namna ile, wala kwa moyo mzito namna ile. Kila mshono ulikuwa unamfukuza. Babu Gundi alikipeleka garini, na Kisigino hakutoka. Alisikia tu mlango ukifungwa.

*

Kazi ya hospitali ilijaa mpaka mlangoni. Aliajiri mafundi wawili, akanunua meza, akajifunza kugombana na muuza ngozi bila kumwita mtu wa kumsaidia. Alijilipa mshahara wake. Nesi mstaafu alipita na maandazi, akamwambia wagonjwa wanatembea kwenye korido kama maharusi. Yote yaliyoahidiwa na wale watu yalitimia, na karakana ilisimama kabisa, kama ilivyotakiwa.

Lakini kila Alhamisi alijikuta ameweka stuli nyuma ya pazia. Babu Gundi aliiona, na jioni aliirudisha mahali pake mwenyewe ili Kisigino asilazimike. Taa ile ya mezani Kisigino aliifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kufuta kitu kingine chochote. Wakati mwingine alipitisha kidole kwenye kalibu ya Bwana Alhamisi rafuni, ile ya kushoto, fupi ya unyayo, akaijua kila bonde na kila mfupa, akawaza jinsi inavyoshangaza kuujua mguu wa mtu kiasi hicho na kutojua usiku analala ubavu gani.

Mama hakuuliza. Aliona tu kwamba kitambaa cha kijani hakivaliwi.

Jozi ya mwisho ya hospitali ikatoka, ya bibi mmoja mcheshi aliyetaka viatu vyekundu na akapewa vyekundu. Alhamisi ikaja. Kisigino aliwasikia watu wakipita nje, hatua na hatua, akagundua kitu kilichomkata maini: hata akija hatamjua. Mpira ule mgumu ulikuwa umezisawazisha hatua zake. Angesikika kama mtu yeyote. Alikaa mpaka karakana ikafungwa, na hakuna aliyekuja.

"Labda gari limeharibika," alisema Babu Gundi.

"Labda, Babu."

"Au dada yake ameketi kwenye funguo."

"Labda, Babu. Asante."

Jumamosi alifunga mapema, akarudi nyumbani kwa miguu, polepole. Jua lilikuwa bado kali. Alipokata kona ya kwao alimsikia mama yake akicheka, kicheko kile cha zamani, cha enzi za baba, ambacho huanza chini na kupanda. Alidhani ni jirani.

Kisha akafika mlangoni, akasimama.

Vilikuwa vimepangwa kando ya kizingiti, visigino ukutani, kamba zimeingizwa ndani kwa adabu. Viatu vya kahawia. Cha kushoto kilikuwa kimeinuka kidogo tu, kiasi ambacho macho mengine yasingekiona. Mshono wake mwenyewe ulikuwa unamtazama.

Ndani, mtu alisimama kutoka kwenye kiti. Hatua zikaja kwenye sakafu tupu, miguu mitupu, bila kiatu wala gazeti: nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Wala hazikufichwa. Mama yake ndiye aliyetokea kwanza, ametangulia mgeni, mikono yake ina unga.

"Mbona hukuniambia?" alisema kwa sauti ya chini. "Nimemtukana mtoto wa watu mwaka mzima. Nimemwita mwenye kiburi."

"Mguu wa mteja hausemwi, Mama. Sheria ya Baba."

Mama alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeguswa begani na mtu aliyekwisha ondoka. "Basi leo ameusema mwenyewe," alisema. "Amevua, amevuka hapo, amenipita mimi na dada yake tukimtazama, ameenda kukaa. Nilitaka kulia, nikamwuliza kama anapenda chai ya tangawizi."

"Dada yake yuko ndani?"

"Yupo, anakosoa mapazia yangu. Tutaelewana."

Nyuma ya bega la mama alisimama Bwana Alhamisi, ameelemea upande mmoja, mfupi kidogo kuliko alivyozoeleka, mikono imekosa pa kwenda.

"Leo si Alhamisi," Kisigino alisema.

"Najua. Alhamisi ilikuwa ya kazi."

Mama alipisha mlango. Kisigino aliinama, akavua viatu vyake, akaviweka kando ya vile vya kahawia, vikagusana. Alivinyoosha kidogo, kwa mazoea ya kazi. Kisha akaingia.